Kigoma: kura za shindano letu zinaruka usiku wa manane, nani anapiga?

#1 Dada wa Katubuka

Habari za jioni wakuu.

Tuna kikundi chetu cha vijana hapa mjini. Kila baada ya miezi miwili tunaendesha shindano la kura mtandaoni, ila hatushindanishi warembo wala wasanii. Tunashindanisha kero za jamii. Watu wanaleta mapendekezo, tunachuja hadi zibaki hoja tano, linki inakaa hewani wiki nzima. Hoja inayoongoza ndiyo tunayoishikia bango mpaka raundi ijayo: tunaipeleka redioni, tunawafuata madiwani, na mchango wowote unaopatikana unaelekezwa huko.

Raundi hii zilikuwa maboya kwa abiria wa boti za mbao ziendazo vijiji vya kusini, taulo za kike shuleni, taka za plastiki mwalo wa Kibirizi, miche ya kulinda vyanzo vya maji, na fimbo nyeupe kwa wasioona. Tumefunga Jumapili hii.

Sasa kisanga. Wiki nzima taulo za kike zilikuwa mbele kwa mbali. Usiku wa kuamkia Jumapili, kati ya saa 8 na saa 10, maboya yakapata kura nyingi kuliko hoja zote kwa pamoja tangu tufungue. Tunaamka asubuhi, maboya kileleni. Raundi iliyotangulia ilikuwa hivyohivyo, saa zilezile, ila kwa hoja nyingine kabisa, ya vitanda vya wodi ya wazazi.

Sisemi maboya hayahitajiki. Nauliza tu: ni nani hao wanaopiga kura saa 8 usiku? Na matokeo tuyatangaze au tuyafute? Viongozi wenzangu wamegawanyika, grupu halikaliki.

#2 Mgebuka Mkavu

Nimewahi siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Fundi Data

Hizo ni roboti, hakuna cha kuumiza kichwa. Kura za binadamu zina saa zake: asubuhi watu wakiwa njiani kwenda kazini, mchana wakati wa kula, halafu kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku. Ukiona mstari umelala wiki nzima kisha umesimama wima saa 8 usiku, ujue kuna mtu kalipia. Kura zinauzwa kwa mafungu mtandaoni, walewale wanaouza wafuasi wa Instagram ndio wanauza na hizo.

Mleta uzi, fomu yenu inamtambuaje mpiga kura? Namba ya simu, barua pepe, au yeyote mwenye linki anabofya tu?

#4 Dada wa Katubuka

@Fundi Data mwenye linki anabofya, kifaa kimoja kura moja. Barua pepe tuliikwepa makusudi. Wengi hapa wanayo ile aliyowafungulia fundi simu siku waliyonunua simu, nywila hawaijui hadi leo.

#5 Fundi Data

Basi hapo hakuna cha kura moja. Mtu akifuta kumbukumbu za kivinjari, au akifungua lile dirisha la faragha, kifaa kinahesabiwa kipya. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuwapigia kura mia kabla ya kuitwa kula.

#6 Mlamba Mawese

Fundi usiwe na haraka. Wewe unatumia waifai ya ofisi. Sisi wa kuunga bando tunaamka usiku kwa sababu bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana. Mdogo wangu yuko chuo, anatega alamu usiku wa manane apakue notsi na video zake, kisha analala tena. Bweni zima ndivyo linavyoishi. Linki ikidondoka kwenye grupu la darasa saa hizo wanabofya wote ndani ya dakika kumi, na kila mmoja kwa simu yake. Kura halali kabisa.

#7 Karabai

Naona mnaijadili saa 8 usiku utadhani ni saa ya wachawi peke yao. Kuna watu ndiyo mchana wao. Nimevua dagaa ujana wangu wote. Taa zikishawashwa unasubiri dagaa wapande, na hapo unaweza kukaa muda mrefu huna kazi. Zamani tulikuwa tunapiga hadithi, sasa hivi kila kijana kainamia simu, mwanga wa taa upande huu, mwanga wa simu upande ule. Na ni nani wa kuyapigia kura maboya kama si mvuvi? Tunaojua upepo wa kusini ukibadilika usiku unafanya nini hatuhitaji kulipwa na mtu.

#8 Mtoto wa Gungu

@Karabai shikamoo mzee. Ila tazama kalenda. Usiku wa kuamkia Jumapili ilikuwa mbalamwezi, vyombo vya dagaa vilikuwa vimepandishwa mchangani. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa hazivuti kitu, hilo unalijua kuliko mimi. Hakuna aliyekuwa ziwani.

#9 Karabai

Marahaba. Ni kweli ilikuwa mbalamwezi. Sasa nikuulize: mtu aliyezoea kukesha, umlaze kitandani kwake usiku wa mbalamwezi, usingizi ataupatia wapi? Si ndiyo atashika simu? Tena yuko nchi kavu, mtandao umejaa. Umenisaidia hoja yangu mwanangu.

#10 Mgebuka Mkavu

Huyu mzee angesomea uwakili tungekoma.

#11 Mnyamwezi wa Isevya

Watani zangu wa mwisho wa reli, dagaa hazitoki sasa mmehamia kuuza kura. Haya, utani kando.

Huku Tabora, Toronto yetu kama tunavyoiita, tulijaribu jambo hilihili kwa kura za ndani ya WhatsApp, baada ya kuileta ile huduma mwishoni mwa 2022. Uzuri wake ni kwamba hakuna roboti, kila jina linaonekana limechagua nini. Ubaya wake nao ni huohuo. Mwisho zilibaki hoja mbili: kupanda upya miembe kandokando ya barabara za mjini, na vyoo vya wanafunzi wenye ulemavu. Mwenyekiti wa grupu akawa wa kwanza kupiga, akachagua miembe. Waliofuata wote miembe. Kuna mama mmoja ana mtoto anayetembelea kiti cha magurudumu, alichagua vyoo. Nikiwa bado nimeshika simu nikaliona jina lake linatoka kwenye vyoo linaingia kwenye miembe, maana WhatsApp inakuruhusu kubadili. Hakuna aliyemwambia neno. Tangu hapo kura ya wazi siitaki hata kuisikia. Heri hizo roboti zenu.

#12 Kuhe wa Kukaanga

Mtani leo michembe imekukaa vizuri, umeongea.

#13 Mzee wa Reli

Mnaanzia kwenye kura, mimi naanzia nyuma yake. Nimekuwa mtendaji wa kijiji enzi za utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Tulikuwa tunakaa mkutanoni, wanawake wanajadili peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao, kila kundi linaleta vipaumbele, kisha tunavigombania hadi upatikane mpango wa kijiji. Ilichosha, na kuna watu waligombana wasisalimiane hadi msimu wa mavuno. Lakini mtu alilazimika kusimama mbele ya jirani yake aseme kwa nini kisima kitangulie zahanati.

Kule Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 wananchi walikuwa wanaamua sehemu ya bajeti ya jiji kwa mikutano ya mitaa, na mitaa yenye shida kubwa ilipewa uzito zaidi kwenye mgawo. Haikuwa kichwa kimoja alama moja basi. Linki yenu haina mjadala, haina uzito. Mtu anabofya anarudi kwenye mpira. Hata mkizifukuza roboti zote duniani atashinda mwenye magrupu mengi, na mwenye shida atabaki na shida yake.

Na nyie mlioweka fimbo nyeupe, asiyeona anaisomaje hiyo fomu?

#14 Dada wa Katubuka

Shikamoo mzee. Tuna mwanachama asiyeona, simu yake inasoma kwa sauti, ndiye aliyetujaribia. Maandishi ilisoma yote, ikifika kwenye picha inasema "picha, picha, picha" tu. Tunaziandikia picha maelezo sasa. Ila fimbo nyeupe zimeshika mkia, na sidhani sababu ni fomu peke yake. Wasioona ni wachache na hawana grupu la watu elfu.

#15 Mzee wa Reli

Marahaba. Ndicho ninachosema.

#16 Soda Baridi

Wanaodhani haya ni ya Kigoma, yaliwakuta wenye pesa zao. Pepsi, mwaka 2010 Marekani, waliacha kulipia matangazo ya Super Bowl, ile fainali yao kubwa, wakatangaza dola milioni 20 kwa mawazo ya kusaidia jamii. Kura mtandaoni, kila mwezi raundi mpya, kama hawa wa hapa na miezi yao miwili. Watu wakaunda ushirika wa "nipigie nikupigie". Asasi ya mbwa waliotelekezwa inampigia kampeni mwenye shule, mwenye shule anawarudishia fadhila. Yakaja malalamiko kwamba kuna kura zinatengenezwa. Mauzo nayo hayakuwaonea huruma: mwaka huohuo Diet Coke iliipita Pepsi ikakaa nafasi ya pili kwao. Haukupita muda mrefu mradi ukafungwa.

Watu milioni kadhaa waliujua, na kuna viwanja vya michezo na maktaba vilijengwa kwelikweli. Sasa ulifaulu au ulifeli? Hadi leo wanabishana.

#17 Mwandiga Stendi

Ongezea benki ya Chase, 2009, kupitia Facebook, dola milioni 5. Siku za mwisho wakaficha ubao wa kura, na kuna asasi zikalalamika kwamba zilikuwa zinaelekea kushinda zikaondolewa bila maelezo. Fainali yake ya Januari 2010, dola milioni 1 ilikwenda kwa Invisible Children. Ndio hao waliokuja kuwika na Kony 2012, kampeni ya kumsaka muasi Joseph Kony wa Uganda. Jamaa walikuwa na vijana wa vyuo hadi basi. Aliyejipanga ndiye anayeshinda.

#18 Kipanya cha Mwanga

Mnaponda kura za mtandaoni wakati ndizo zilizoifanya Kilimanjaro iwe moja ya maajabu saba ya dunia 2011. Nilituma SMS mwenyewe.

#19 Mwalimu wa Jiografia

@Kipanya cha Mwanga hapana. Ile ya 2011 ni New7Wonders, Kilimanjaro iliingia fainali ya vivutio 28 ikaishia hapo. Kutoka Afrika kilichoshinda ni Table Mountain ya Afrika Kusini. Unachokumbuka ni tukio lingine: Arusha, 11 Februari 2013, walipotangazwa washindi wa maajabu saba ya asili ya Afrika, tukapata matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Waandaaji ni shirika tofauti, Seven Natural Wonders. Na kwenye ile ya kwanza Maldives walijitoa katikati, 2011, wakisema gharama wanazotakiwa kulipa hazivumiliki.

#20 Kipanya cha Mwanga

Sawa mwalimu. SMS zangu nimdai nani?

#21 Kuhe wa Kukaanga

Mdai Mlima.

#22 Mtoto wa Gungu

Suluhisho mbona jepesi: anwani moja ya IP, ile namba ya kifaa mtandaoni, kura moja. Mwisho wa habari.

#23 Fundi Data

@Mtoto wa Gungu usijaribu. Kampuni za simu huwatoa wateja wengi mtandaoni kwa anwani moja. Ukisema IP moja kura moja, mtu mmoja wa mtandao fulani akipiga kura pale Mwanga, mwingine wa mtandao huohuo kule Kasulu anaambiwa ameshapiga. Utafungia mkoa mzima na mwenye roboti atapita, kwa sababu yeye anakodi anwani za kutosha. Afadhali namba ya simu na ujumbe wa kuthibitisha, ila kila SMS inayotoka mnailipia nyie. Na laini nazo zina mwisho wake: tangu usajili wa alama za vidole, 2020, si rahisi mtu mmoja kuwa na laini hamsini. Piga *106# uone zilizo kwa jina lako.

#24 Mlamba Mawese

Nimepiga *106# nimekuta laini nisiyoijua. Asante kwa kuniharibia usiku.

#25 Mha wa Ughaibuni

Wakuu, kuna watu mmetusahau. Niko Marekani, pwani ya mashariki. Saa 8 usiku ya Kigoma huku kwetu ni saa 12 au saa 1 jioni kutegemea msimu, ndiyo kwanza watu wametoka kazini. Linki iliingia kwenye grupu letu la wana Kigoma Jumamosi jioni ya huku. Nilipiga, mke wangu akapiga. Tena wapo Wakongo waliokulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996, wakahamishiwa huku. Kuna waliolivuka Ziwa Tanganyika wakiwa watoto kwenye boti hizohizo za mbao. Ukiwaambia maboya hawahitaji kushawishiwa.

Sasa semeni, kura yangu ni halali au mimi ni roboti?

#26 Mnyamwezi wa Isevya

Roboti wa dola huyo, ahesabiwe mara mbili.

#27 Mzee wa Reli

@Mha wa Ughaibuni kura yako ni halali kwa moyo. Ila boti ya Jumatatu asubuhi hupandi wewe, na choo cha shule hakiendi mwanao. Mimi ningekuomba mchango, kura ningeiacha kwa wanaolala hapa.

#28 Mha wa Ughaibuni

Kwa hiyo pesa yangu ni ya Kigoma ila maoni yangu ni ya Marekani. Asante mzee.

#29 Kuhe wa Kukaanga

Wote mnazunguka. Wenye boti ndio wanaotaka maboya ya bure ili wasinunue wenyewe. Fuateni pesa.

#30 Mwandiga Stendi

Au kinyume chake. Mwenye boti hataki kelele za maboya zifike redioni, maana ukaguzi utafuata na abiria watahesabiwa. Njia rahisi ya kuua hoja ni kuijazia kura za ajabuajabu saa 8 usiku ili waandaaji waifute wenyewe. Mleta uzi keshauliza "tuyafute?" Mtego umefyatuka.

#31 Karabai

Duh. Hilo sikuliwaza.

#32 Nesi wa Zamu

Mimi niko macho saa 8 kwa sababu ya kazi, na kura nilipiga saa hizo, kwa hiyo nihesabuni kwenye watuhumiwa.

Kuna jambo hamjaligusa. Kwenye nyumba nyingi simu janja ni moja, na ni ya baba. Mama na mabinti wanaipata akishalala. Hoja za wanawake hupigiwa kura usiku.

#33 Mtoto wa Gungu

Dada, hoja yako nzuri ila usiku huo taulo za kike hazikupanda. Yaliyopanda ni maboya.

#34 Nesi wa Zamu

Mama anayekwenda na boti kujifungulia mjini hahitaji boya? Na raundi iliyopita vilipanda vitanda vya wodi ya wazazi, saa zilezile. Unganisha mwenyewe.

Halafu mleta uzi, hivyo vitanda vilifika? Kama watu hawajaona kitanda, raundi ya nne hawabofyi tena. Mnawaza wezi wa kura, mimi nawaza waliochoka. Tena mambo ya kelele peke yake yana mipaka: 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, 2019 ikairudisha ikisema bei madukani haikushuka. Kampeni ilikuwa imeshashinda, binti hakuona tofauti dukani.

#35 Dada wa Katubuka

Vitanda vimefika, magodoro bado. Tutaweka picha.

#36 Bwana Sheria

Nipite kwa kifupi. Mkianza kukusanya namba za simu za wapiga kura mnaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Kuna Tume, kuna kujisajili, na mtu ana haki ya kujua mnazitumiaje taarifa zake. Na yule atakayewashauri mtoze kwa kila kura halafu mpiga kura mmoja abahatike kupata simu, mwambieni aanzie Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwanza.

#37 Kipanya cha Mwanga

Tukiwa kwenye maboya, ingekuwa Liemba inatembea kama zamani haya yote yasingekuwepo. Meli ya 1927 ile, chuma.

#38 Mwalimu wa Jiografia

1927 ni mwaka ilioanza kazi kwa jina la Liemba. Iliundwa Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikaelea 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924.

#39 Kipanya cha Mwanga

Mwalimu unanifuatilia mimi tu humu ndani?

#40 Karabai

Na Liemba haikuwa inagusa gati kila kijiji. Ilikuwa inasimama huko mbali, mitumbwi inaifuata kuchukua abiria na magunia usiku. Maboya yangehitajika vilevile.

#41 Dada wa Katubuka

Wakuu asanteni. Nimekaa na mwenzangu tumefungua kumbukumbu za fomu, naweka tulichokiona mchambue wenyewe.

Kura za usiku ule hazikuja mfululizo. Linakuja kundi, zinaachana sekunde chache, kisha kimya dakika kadhaa, kisha kundi lingine. Karibu zote ni simu za Android, kompyuta ni za kuhesabu. Nyingi zimetokea WhatsApp kupitia linki fupi ambayo sisi hatukuitengeneza. Na wengi wao hawakusoma hoja nyingine, wamefungua wamechagua wametoka.

#42 Mlamba Mawese

Makundi na kimya. Ni magrupu hayo! Linki inafika bweni hili, kisha bweni lile. Nilisema.

#43 Fundi Data

Roboti yenye akili hupumzika makusudi na hujitambulisha kuwa Android. Sekunde chachechache mfululizo binadamu hawezi.

#44 Mha wa Ughaibuni

Linki fupi ndiyo niliyoipata mimi. Ila ilitumwa na mtu aliyeko Kigoma, si wa huku.

#45 Mwandiga Stendi

Kuna mtu aliitengeneza na akaisambaza usiku. Awe mwema awe mbaya, mtafuteni huyo. @Mha ni nani?

#46 Mha wa Ughaibuni

Siwezi kuanika namba ya mtu humu. Bwana Sheria ameshatuonya.

#47 Soda Baridi

Wale wa Greenpeace 2007 waliomba watu wampe nyangumi jina, wakategemea jina la heshima. Mtandao ukawachagulia la mzaha, "Mister Splashy Pants", kura zikaruka kwa kishindo, wakashtuka, wakaongeza muda wa kupiga kura. Likazidi kuongoza. Mwishowe wakalikubali, na kampeni yao ya kupinga uvuvi wa nyangumi ikafika kwa watu ambao isingewafikia. Waingereza nao 2016, meli yao ya utafiti ikapigiwa kura iitwe Boaty McBoatface, kura zaidi ya 124,000. Wakakataa, wakaiita Sir David Attenborough, lile jina la mzaha wakalipa chombo kidogo cha chini ya maji.

Kwa hiyo dada, kwenye kuyatangaza au kuyafuta, wote walionusa kura za ajabu waliogopa jambo hilohilo. Mimi ningetangaza, nikaeleza na hilo la usiku wazi, nikaendelea na maboya.

#48 Mzee wa Reli

Na mimi ningetangaza maboya na taulo zote mbili, zigawane. Kisha mshindi akae pembeni raundi kadhaa. Hoja tano za kwanza zichaguliwe na watu waliokaa kikao, kura ya mtandaoni ije mwisho.

#49 Fundi Data

Naunga mkono la mshindi kukaa pembeni. Na fichieni hesabu hadi mwisho. Anayenunua kura hununua akijua amepungukiwa ngapi.

#50 Mnyamwezi wa Isevya

Ukificha hesabu nani atahamasika? Raha ya shindano ni kuona umeachwa kwa kumi ukamwamsha shemeji apige. Ficheni siku ya mwisho tu.

#51 Mwandiga Stendi

Chase walificha siku za mwisho, soma #17. Ndipo malalamiko yalipoanza.

#52 Nesi wa Zamu

Na wa vitochi? Mnajadili linki siku nzima, mama wa Kalya, kijijini kule kusini, ana kitochi. Wekeni namba ya kupigia, au kijana wenu akae mwaloni na daftari siku boti zinapoingia. Ndio wanaopanda hizo boti.

#53 Fundi Data

Daftari nalo linajazwa usiku dada.

#54 Dada wa Katubuka

Kikao chetu ni Jumamosi. Wawili wanataka tufute, watatu wanataka tutangaze kama alivyosema Soda Baridi, na mweka hazina anasema hela ya SMS za kuthibitisha haipo, tusijadili. La daftari mwaloni nalibeba. La kuficha hesabu sina msimamo, maana #49 na #50 wote wananishawishi.

#55 Bosi wa Magrupu

Wakuu ndiyo najiunga leo. Mapendekezo ya raundi ijayo mnapokea lini? Nina hoja ya taa za barabarani mtaani kwetu, na mimi ni admini wa magrupu kumi na kitu, wengi wao bodaboda.

#56 Dada wa Katubuka

Karibu. Dirisha la mapendekezo linafunguliwa Jumatatu. Andika hoja, mtaa, na wanaoathirika ni kina nani. Idadi ya magrupu usiiandike.